Sita au tisa: kisa cha sambusa 200 zilizopotelea Ngamiani

Kwa asiyeijua Tanga: Ngamiani barabara zina namba. Mtu akikuambia anakaa barabara ya nane, au ya kumi na tatu, amekwisha kukupa anwani, na mgeni anayejua kuhesabu hapotei. Ni mpangilio mzuri kuliko wa miji mingi niliyopita. Kasoro yake ni moja, nayo haiko kwenye ramani, iko kinywani: kuna barabara ya sita, na kuna barabara ya tisa.

Ilikuwa Ijumaa ya Mfungo Sita, mwezi wa maulidi. Shangazi yangu, wa barabara ya tisa, alikuwa na kisomo nyumbani kwake baada ya swala ya alasiri. Aliagiza vitafunio kwa simu kwa mama mmoja wa Makorora ambaye ukoo wetu umekula kwake miaka mingi. Maneno aliyoyasema, kwa jinsi anavyoyakumbuka mwenyewe, ni haya: "Sambusa mia mbili, katlesi mia, zifike saa tisa, barabara ya tisa." Fedha akaituma yote hapo hapo, shilingi 90,000, maana kila kimoja ni mia tatu.

Mama wa Makorora alikuwa amesimama mbele ya karai la mafuta yanayochemka, simu ameibana kwa bega. Akamgeukia binti anayemsaidia, akamtajia oda. Binti akamaliza kwanza kupanga katlesi alizokuwa nazo mkononi, akatafuta kalamu, akaandika tarakimu moja juu ya kifuniko cha kila boksi. Maboksi yalikuwa manne. Kijana wa bodaboda akaja, akapakia, akaondoka, akafika kwa wakati kabisa, saa tisa haijagonga. Alifika barabara ya sita.

Huko nako, kwa kudra za Mungu, kulikuwa na maulidi. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, akina mama wamejitanda kanga, spika inakohoa. Kijana akauliza, "Ni hapa penye shughuli?" Akajibiwa ni hapa hapa, karibu. Maboksi yakashushwa. Wenyeji wakadhani ni mkono wa jamaa yao mmoja aliyeko Muheza, mtu wa kutoa bila kutangaza, wakamwombea dua. Kufika saa kumi na moja hata makombo hayakuonekana. Wakati huo shangazi alikuwa akiwapa wageni wake kahawa na tende, jicho njiani.

Usiku ukawa wa simu. Shangazi: "Nilisema tisa. Nimekaa barabara hii miaka arobaini, leo niikosee?" Mama wa Makorora: "Ulisema sita, dada yangu, nimekusikia kwa masikio yangu haya mawili. Na ile saa tisa mbona niliisikia sawasawa?" Binti: alichoambiwa ndicho alichoandika. Kijana: alichosoma ndicho alichopeleka, na kilichoandikwa ni sita. Wote wanne nawafahamu. Hakuna mwongo kati yao, na kila mmoja yuko tayari kushika msahafu.

Mimi nafundisha saikolojia katika chuo cha ualimu, na kwenye ukoo wetu hiyo inatosha kukufanya kadhi. Nikaitwa.

Nianze na maneno yenyewe. Sita na tisa zina sauti nne kila moja, na ni zile zile: s, t, i, a. Irabu hazijasogea, ni konsonanti mbili tu zilizobadilishana viti. Anayedhani ni jambo dogo aseme "sita tisa sita tisa" mara kumi bila kupumua. Ni kitanza ndimi kama kile cha Katibu Kata wa Mkata, ila hiki hakuna anayekicheka kwa sababu tunaishi ndani yake: kwenye saa, kwenye bei, kwenye namba za simu. Na ubaya huu tumeutengeneza wenyewe. Kwa Waarabu tulikoyachukua maneno haya, hayafanani hivyo: ya kwanza ni sitta, t yake imekazwa, na ya pili ni tis'a, ina ile sauti ya 'ain inayotoka kooni. Ulimi wa Kiswahili ukalegeza mkazo, ukaiacha 'ain, na maneno mawili yaliyokuwa mbalimbali yakawa pacha wanaotazamana kwenye kioo.

Wataalamu wa lugha wamekusanya makosa ya ulimi kwa maelfu. Victoria Fromkin alionyesha mwaka 1971 kwamba makosa hayo hayatokei ovyo, yana kanuni zake, na kubadilishana kwa konsonanti zinazoanza silabi ni moja ya sura zake za kawaida. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba shangazi alisema sita. Yeye hawezi kulikubali, na simlaumu. Mtu akiteleza ulimi mara nyingi hasikii alichosema, anasikia alichotaka kusema. Anachokiapia shangazi ni nia yake, na nia yake bila shaka ilikuwa tisa. Nilipomwambia hivyo alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama nimekula.

Tuje kwa aliyesikia. Simu ya kawaida kwa miaka mingi imepitisha sauti kati ya mitetemo 300 na 3,400 kwa sekunde. Kwa irabu inatosha. Kwa "s" haitoshi, maana nguvu kubwa ya sauti hiyo iko juu ya hapo, kwenye mitetemo 4,000 na zaidi. Ndiyo maana kwenye simu mtu hutaja jina lake mara tatu na bado "s" inageuzwa "f". Sasa juu ya "s" hiyo iliyokatwa mbawa, mwaga mlio wa mafuta ya kukaangia. Mafuta yakichemka yanasema nini? Yanasema "sss". Kati ya kelele zote za jikoni, hii ndiyo inayoifunika s kwa shuka la rangi ile ile.

Hapo utasema: basi mama yule angesikia pengo, angeuliza. La. Richard Warren, mwaka 1970, aliwasikilizisha watu 20 sentensi iliyorekodiwa ambayo ndani yake sauti moja ya neno ilikatwa, ikatolewa kabisa, mahali pake pakawekwa kikohozi. Watu 19 walisema hakuna sauti iliyokosekana. Aliyebaki alitaja sauti ambayo siyo. Na sauti iliyokatwa, kwa bahati iliyonifanya nicheke peke yangu, ilikuwa s. Ubongo ukipata pengo lenye kelele haupigi ripoti. Unaziba, na unaziba kwa kile unachokitarajia. Wiki ile kila mtu Tanga alikuwa na "sita" mdomoni: Mfungo Sita umeingia, maulidi ya Mfungo Sita, mchango wa Mfungo Sita. Sina namna ya kuthibitisha kwamba hilo ndilo lililomziba masikio mama wa Makorora, lakini kama ningekuwa nazipanga sababu kwa uzito, hii singeiweka mwisho.

Kuna waliosema kosa ni la simu, angemfuata wakaonana uso kwa uso haya yasingetokea. Kwa maneno mengi wangekuwa na haki. Tangu mwaka 1954, kwa kazi ya Sumby na Pollack, inajulikana kwamba kuona midomo ya msemaji kunasaidia sana penye kelele, na mwaka 1976 McGurk na MacDonald walionyesha kwamba jicho linaweza hata kulipindua sikio: sauti ya "ba" ikiwekwa juu ya picha ya mdomo unaosema "ga", watu wengi husikia "da". Lakini simama mbele ya kioo useme sita, kisha tisa. Midomo haisogei tofauti. Sauti zote mbili zinatengenezwa ndani, nyuma ya meno, jicho halifiki. Hata wangekaa mkeka mmoja, uso usingesaidia.

Utetezi wa mama wa Makorora ulikuwa mzuri kuliko wote, nao ni ule wa saa. Kama masikio yake ni mabovu, mbona saa tisa aliipata? Shemeji zangu wakatikisa vichwa, wakaona kesi imekwisha. Mimi niliona kesi ndiyo inaanza, kwa sababu katika oda ile neno tisa lilitajwa mara mbili ndani ya pumzi moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari mmoja wa Hungaria, Ranschburg, aligundua kwamba mfululizo wenye kitu kilichojirudia hukumbukwa vibaya kuliko mfululizo ambao kila kitu ni tofauti, na kinachopotea zaidi ni kile cha pili. Ni kama akili inasema, hicho nimeshakipokea, lete kingine. Kwa hiyo kusikia saa tisa vizuri hakumtetei mama yule hata kidogo. Huenda ndiko kulikomponza.

Kisha binti. Huyu ndiye aliyebeba mzigo mzito na kusemwa kidogo. Alitajiwa mia mbili, mia, saa tisa, barabara ya kadhaa, mikono imejaa, kalamu haipo. Alifanya tunachofanya sote: aliyarudia moyoni hadi apate pa kuandika. Alan Baddeley na Graham Hitch, mwaka 1974, waliuelezea mtambo huu wa akili, na kazi zilizofuata zikaupima. Ni kama kanda fupi ya sauti inayozunguka, inayobeba takriban kile unachoweza kukitamka kwa sekunde mbili; usipokirudia kinafifia. Na kanda hiyo haishiki picha, inashika sauti. Conrad, aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, aliwaonyesha watu herufi kwa macho mwaka 1964 na bado walizikosea kwa masikio, wakibadilisha zile zinazofanana kwa mlio hata kama kwa sura hazifanani hata kidogo. Yaani mtu aliyeona kwa jicho alikosea kama aliyesikia. Kinachovuja kwanza kwenye kanda hiyo ni mpangilio: vitu unabaki navyo, zamu zao zinachanganyika. Sasa tazama tena pacha wetu. Tofauti yao yote ni mpangilio. Hakuna kitu kingine kinachoweza kumwokoa binti yule, si irabu, si urefu, si mkazo.

Sikumwambia hivyo jioni ile. Alikuwa analia.

Nikafika kwa kijana wa bodaboda, na hapa inabidi nikiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu nilifundisha mada hii asubuhi na jioni nikaivunja. Nilimuuliza, "Ulikiona kibao cha barabara ulipokata kona?" Akajibu bila kusita, "Nilikiona, kimeandikwa sita." Siku ya pili nikapita kona ile kwa baiskeli. Kuna nguzo. Kibao hakuna, na muuza kahawa anayekaa chini yake aliniambia kiling'oka tangu mvua za masika.

Kijana hakudanganya. Nilimpa kibao mimi. Kiingereza kina kineno kidogo, "the", kinachotangulia jina kuonyesha kwamba kitu kinachotajwa kinajulikana, si kitu chochote tu. Elizabeth Loftus na Guido Zanni, mwaka 1975, waliwaonyesha watu filamu fupi ya ajali ya gari, kisha wengine wakaulizwa kama waliona taa iliyovunjika, wengine wakaulizwa vile vile lakini kwa kineno hicho cha kujulisha. Walioulizwa kwa kineno walijibu ndiyo zaidi, hata pale ambapo taa iliyovunjika haikuwemo kwenye filamu. Wanafunzi wangu huwa wananiambia hilo ni tatizo la Waingereza, sisi hatuna kineno hicho. Tunacho, tena kimejificha ndani ya kitenzi. "Uliona kibao?" ni swali. "Ulikiona kibao?" ni swali lenye kibao ndani yake. Hiyo "ki" moja ndiyo niliyoichomeka, na kijana akaijengea nguzo, rangi na namba.

Ukiacha kibao, alichokiona kweli ni turubai. Alikuwa anatafuta shughuli na shughuli akaiona. Ulric Neisser, ambaye kitabu chake cha mwaka 1967 ndicho kilichoipa jina saikolojia ya utambuzi, alifanya na mwenzake Becklen mwaka 1975 jaribio ambalo nalipenda kwa urahisi wake: michezo miwili ilirekodiwa, mmoja wa kupigana viganja na mwingine wa kurushiana mpira, picha zake zikapandishwa juu ya kioo kimoja. Mtu aliyeambiwa afuate mchezo mmoja aliufuata bila shida, na mambo ya ajabu yaliyotokea katika ule mwingine hakuyaona, ingawa yalipita mbele ya macho yake. Baadaye Neisser akapitisha mwanamke mwenye mwavuli katikati ya wacheza mpira, na wengi wa waliokuwa wakifuatilia pasi hawakumwona. Jicho la kijana wetu lilikuwa kazini. Lilikuwa linahesabu maturubai, si barabara. Na mwenyeji aliyepokea maboksi lake lilikuwa linatafuta mkono wa jamaa wa Muheza, likauona.

Hadi hapo nilikuwa na watu wanne na makosa manne yanayowezekana, kila moja linatosha peke yake kupoteza sambusa. Ndipo kikaja kitu kilichonifanya nikiandike kisa hiki.

Binti, usiku ule ule wa Ijumaa, alikuwa amemtumia rafiki yake ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Rafiki huyo ni jirani yetu, na wiki tatu baadaye, kwa ruhusa ya binti mwenyewe, tuliusikiliza pamoja. Sauti inatetemeka: "Sijui niliandika sita, sijui tisa, hata sikumbuki, nilikuwa na haraka." Huo ndio ushahidi wa saa nne baada ya tukio. Lakini katika wiki zile tatu binti alikuwa ameulizwa na kila mtu, na kila alipojibu alijibu kwa uhakika kidogo zaidi, hadi siku tunausikiliza alikuwa anakumbuka kalamu ilikuwa ya rangi gani, alikuwa ameegemea wapi, na kwamba aliandika tisa, mkia chini, anauona mbele yake. Nilipomuuliza basi hii sauti ni ya nani, alisema ni yake. "Siku ile nilikuwa na hofu, ndiyo maana nikasema hivyo. Sasa nimetulia, nakumbuka vizuri."

Nilimfikiria Neisser tena. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Wamarekani, Challenger, kiliripuka. Asubuhi iliyofuata Neisser aliwapa wanafunzi 106 wa Chuo Kikuu cha Emory karatasi: ulikuwa wapi, nani alikuambia, ulikuwa unafanya nini. Akazihifadhi. Miaka miwili na nusu baadaye akawaita tena, wakaja 44, akawauliza maswali yale yale. Kumi na mmoja hawakupata hata jibu moja sawa na walichoandika wenyewe. Uhakika wao haukupungua kwa ajili hiyo. Na walipoonyeshwa karatasi zao, kwa mwandiko wao, kumbukumbu ya kwanza haikurudi kwa hata mmoja. Ile mpya ilikuwa imeshika nyumba. Neisser na Nicole Harsch walilichapisha jambo hilo mwaka 1992.

Neisser mwenyewe alikuwa na lake. Maisha yake yote alikumbuka kwamba habari ya kushambuliwa kwa Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, Desemba 1941, ilimkuta akisikiliza besiboli redioni. Baada ya miaka mingi ndipo akashtuka: Desemba hakuna besiboli. Wenzake walipochunguza, wakaona kwamba siku hiyo redio ilikuwa ikitangaza mchezo mwingine, mpira wa miguu wa Kimarekani, ila timu zile zilibeba majina yale yale ya timu za besiboli. Majina yanafanana, kitu kikabadilishwa. Sita kwa tisa.

Na kwa upande wa shangazi, kuna kisa cha John Dean, aliyekuwa mwanasheria wa Ikulu ya Marekani. Mwaka 1973 alitoa ushahidi mbele ya maseneta wa Marekani kuhusu mazungumzo yake na Rais Nixon, kwa undani hata waandishi wakamfananisha na mashine ya kurekodi. Halafu ikabainika kwamba mashine ya kurekodi ilikuwepo kweli, Nixon alikuwa ananasa mazungumzo ya ofisini kwake. Mwaka 1981 Neisser akachapisha ulinganisho wa ushahidi na kanda. Kwa mkutano wa tarehe 15 Septemba 1972, maneno ambayo Dean aliapa yalisemwa hayakusemwa. Lakini ukweli wa jumla, nani anajua nini na nani anaficha nini, alikuwa nao sawasawa. Shangazi yangu ni John Dean wa Ngamiani. Anakaa barabara ya tisa, alitaka sambusa barabara ya tisa, hilo hakuna atakayemnyang'anya. Maneno yaliyotoka mdomoni saa tatu asubuhi ile ni jambo lingine, na kanda hatuna.

Kitu pekee kilichobaki ni kifuniko. Mwenyeji wa barabara ya sita alikuwa amehifadhi boksi moja kwa ajili ya vifaranga, akatuletea. Kifuniko cha mraba, madoa ya mafuta, katikati tarakimu moja ya wino mzito wa buluu. Kaka yangu akakishika: "Si hii hapa, sita." Shangazi akakipokea, na kwa kuwa alikuwa upande wa pili wa meza, kikageuka: "Tisa, unaona? Tisa!" Hakukuwa na neno jingine juu yake, hakuna mstari, hakuna cha kusema juu ni wapi na chini ni wapi. Tukaomba daftari la oda la binti tulinganishe mwandiko. Tisa yake ina mkia uliopinda kama ndoano. Sita yake ina shingo iliyopinda kama ndoano.

Nilikaa kimya, na nakiri kwamba nilifurahi, ingawa haikuwa mahali pa kufurahi. Tumechukua namba mbili, tukazifanya kioo kwa sikio, na kumbe kwa jicho nazo ni kitu kimoja kilichopinduliwa. Wanaocheza pool wanajua: mpira wa 6 na mpira wa 9 hupigwa mstari chini ya namba, kwa sababu mpira unabiringika. Marubani nao, wanapozungumza Kiingereza redioni, huiongezea tisa silabi moja mwishoni isije ikafanana na tano. Kila fani iliyowahi kuumia imeweka kitanzi chake. Sisi tumewaachia binti wa jikoni na kijana wa bodaboda wapambane.

Hukumu niliyotoa haikumpendeza mtu. Nilisema simwoni mkosaji, na kama lazima niweke dau, naweka kwenye kifuniko kilichoandikwa tarakimu tupu, maana hapo ndipo kosa lingezuilika kwa gharama ya mstari mmoja. Hasara tukaigawa: shangazi elfu thelathini, mama wa Makorora elfu thelathini, na elfu thelathini zilizobaki walizileta wenyewe watu wa barabara ya sita, ndani ya bahasha, pamoja na sinia la pilau na salamu kwamba sambusa zilikuwa nzuri sana. Jamaa wa Muheza, ambaye hakuwa na habari, bado anaombewa dua.

Mama wa Makorora sasa anaandika kwa maneno na kupiga mstari. Shangazi alichagua njia yake. Wazee, kabla ya namba za Kiarabu kushika nafasi, walikuwa na maneno yao wenyewe: sita ilikuwa tandatu, saba mfungate, ndiyo maana maharusi wanakaa fungate, na tisa ilikuwa kenda. Wadigo wa hapa hapa Tanga wanalibeba neno hilo hadi leo kwenye jina la Mijikenda, miji tisa. Tandatu na kenda hata kipofu hawezi kuzichanganya, hata karai liungurume vipi. Nililisifia wazo hilo kwa dhati, na mwezi uliofuata alipoagiza mikate ya kumimina nilikuwepo, nikamsikia akitaja kwa sauti ya ushindi: "Barabara ya kenda."

Saa tisa na robo simu yake ikaita. Alikuwa kijana wa bodaboda.

"Shikamoo shangazi. Samahani, nipo hapa stendi nauliza watu, hiyo Kenda ni baada ya Mikanjuni au?"